Kadi gani inafungua pango? Masharti ya kuzamia katika hifadhi za umma za Florida

Kaskazini mwa jimbo la Florida, Marekani, ardhi imekaa juu ya miamba ya chokaa iliyoliwa na maji kwa muda mrefu sana, na ndiyo maana eneo hilo lina chemchemi nyingi zenye maji maangavu yanayobubujika kutoka kwenye mapango yaliyojaa maji hadi darini. Baadhi ya chemchemi hizo ziko ndani ya hifadhi za jimbo, yaani mbuga za umma ambako mtu yeyote hulipa kiingilio kidogo, akaogelea, akala chakula chake chini ya miti na kurudi nyumbani jioni. Katika hifadhi hizo hizo, hatua chache kutoka kwenye ngazi za waogeleaji, wapo wanaoshuka wakiwa na mitungi miwili ya hewa na taa tatu kila mmoja, wakielekea mamia ya mita chini ya mwamba. Tofauti kati ya makundi hayo mawili inawekwa na kadi ya plastiki, na masharti yanayoizunguka kadi hiyo yamewachanganya hata wazamiaji wa miaka mingi.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na jambo moja: anayetoa cheti siye anayelinda lango. Watu hudhani kwamba kadi ya kuzamia ni kama leseni ya udereva, kwamba serikali imempima mtu, imemkubali, na imempa haki ambayo kila ofisi ya serikali sharti iiheshimu. Sivyo. Nchini Marekani hakuna leseni ya serikali ya kuzamia kwa burudani. Vyeti hutolewa na taasisi binafsi za mafunzo, na kila moja ina mtaala, mipaka na majina yake ya madaraja. PADI, NAUI na SSI zinajulikana zaidi kwa mafunzo ya baharini. Kwa mapango, taasisi za mwanzo Florida zilikuwa NACD, iliyoanzishwa mwaka 1968, na NSS-CDS, ambayo ni kitengo cha kuzamia cha jumuiya ya kitaifa ya wachunguzi wa mapango na ilianza mwaka 1973. Baadaye zikaja nyingine, zikiwamo IANTD, TDI na GUE. Duka likikataa kumjazia mtu mtungi kwa sababu hana kadi, linafuata desturi ya biashara na matakwa ya kampuni ya bima, wala si amri ya bunge.

Hifadhi, kwa upande wake, haifundishi wala haitahini. Ni mwenye ardhi. Mamlaka yake yanatokana na haki ya mwenye ardhi, hata kama mwenye ardhi huyo ni jimbo, kuweka masharti ya kuingia. Kwa hiyo inachofanya ni kuazima hukumu ya taasisi ya mafunzo: inamwambia mgeni, nionyeshe kwamba kuna watu unaowaheshimu na tunaowaheshimu waliokuona ukifanya jambo hili ipasavyo. Askari wa hifadhi aliyeko kwenye kibanda cha mapokezi huenda hajawahi kuvaa mtungi maishani mwake. Ana rejista, ana orodha ya madaraja yanayokubalika, na ana macho ya kuona kilichobebwa kutoka kwenye gari. Ukiyasoma masharti ya hifadhi ukiwa na picha ya huyo askari kichwani, mengi yanayoonekana ya ajabu yanaeleweka.

Madaraja na mipaka yake

Daraja la kwanza ni la maji ya wazi. Mtu aliyefuzu daraja hili amefundishwa kwamba tatizo lolote kubwa chini ya maji lina suluhisho moja la mwisho, nalo ni kupanda juu polepole huku akitoa pumzi. Kozi nzima imejengwa juu ya njia hiyo. Dari ya mwamba inaifunga.

Daraja la pili ni la mdomo wa pango, yaani ile sehemu ya mwanzo ambako mzamiaji, kila anapogeuka, bado anaona mwanga wa jua ukiingia kutoka nje. PADI huweka mpaka wa mita 40 kutoka juu ya maji, ukijumlisha kina na umbali wa kwenda ndani. Taasisi nyingine huruhusu mita 60 hivi. Ni kozi ya siku mbili kwa kawaida. Mzamiaji wa daraja hili haruhusiwi kukaa chini muda wa kumlazimu kusimama njiani wakati wa kupanda ili naitrojeni itoke mwilini, haruhusiwi kupita mahali pembamba, na haruhusiwi kuzamia usiku, kwa sababu jua likishatua mdomo wa pango haupo tena kwa maana ya daraja lake: bila mwanga wa nje, chumba kile kile alichokizamia mchana kimekuwa pango la ndani.

Ndani zaidi kuna madaraja ya pango lenyewe. La mwanzo ni la utangulizi, ambapo mzamiaji hufuata kamba kuu tu, hageuki kwenye njia panda, na hutumia sehemu ndogo ya hewa yake kuingilia, kwa kawaida moja ya sita ya mitungi miwili. La juu ni la pango kamili, ambalo humruhusu kufika njia panda, kuunganisha kamba, kuzunguka na kutokea upande mwingine, na kutumia theluthi ya hewa yake kwa kwenda. Ukianzia mdomo wa pango hadi kufikia daraja hilo, hesabu siku nane hivi za kozi, na wakufunzi wengi wanapendelea mwanafunzi azigawe kwa miezi kadhaa badala ya kuzifululiza.

Kanuni ya theluthi ndiyo moyo wa mafunzo haya na inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu watu huitaja kwa wepesi bila kuipigia hesabu. Theluthi moja ni ya kuingia, theluthi moja ya kutoka, na theluthi ya mwisho ni ya mwenzako. Tuseme mzamiaji wa kwanza ana mtungi wa lita 15 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200, yaani lita 3,000 za hewa, na wa pili ana mtungi wa lita 12 wenye baa 180, yaani lita 2,160. Theluthi ya wa kwanza ni lita 1,000. Ya wa pili ni 720. Wakiingia kila mmoja akifuata theluthi yake, wakafika mwisho, na mtungi wa kwanza ukafa papo hapo, wawili hao wanategemea lita 1,440 zilizobaki kwa yule wa pili, ilhali kurudi kunahitaji 720 zake na 1,000 za mwenzake. Hewa itaisha kabla ya kufika nje. Ndiyo sababu wanaofundishwa huambiwa waichukue theluthi iliyo ndogo na kuifanya ya wote: mwenye mtungi mkubwa atageuka akiwa ametumia lita 720 tu, yaani baa 48, hata kama geji yake bado inamshawishi aendelee. Na hesabu hiyo hufaa pale maji yanaposukuma kuelekea nje au yakiwa yametulia. Katika pango ambalo maji yanavutwa kwenda ndani, kurudi ni kazi nzito kuliko kuingia, na theluthi huwa haitoshi.

Kwa nini cheo cha baharini hakihesabiwi

Malalamiko yanayosikika mara nyingi kwenye lango hutoka kwa wakufunzi wa maji ya wazi. Mtu amefundisha wanafunzi mamia, amezamia maelfu ya mara, halafu anaambiwa kwamba kwa masharti ya hifadhi yeye na mwanafunzi aliyemaliza kozi juzi ni kitu kimoja. Inauma, lakini msimamo huo una historia nyuma yake.

Miaka ya 1960 na 1970 mapango ya Florida yaliua watu wengi, na miongoni mwao walikuwamo wakufunzi wa baharini. Sheck Exley, mzamiaji wa Florida aliyekuja kuwa mashuhuri duniani kote katika fani hii, alizipitia ajali hizo moja moja na mwaka 1979 akachapisha kijitabu kilichoonyesha kwamba vifo vilirudia makosa yale yale machache: kutokuwa na kamba isiyokatika hadi maji ya wazi, kutoacha akiba ya kutosha ya hewa, na kwenda kina kirefu kupita kiasi. Wes Skiles, mzamiaji mwingine wa Florida, na wenzake baadaye waliongeza mambo mawili, ukosefu wa mafunzo ya pangoni na uhaba wa taa. Ujuzi wa baharini haukuwa kinga dhidi ya lolote kati ya hayo. Pengine ulizidisha hatari, kwa kuwa ulimpa mtu ujasiri wa kuingia bila kumpa njia ya kutoka.

Kinachowaua watu hao, mara nyingi, ni udongo. Sakafu ya mapango mengi ya huko imetandikwa vumbi laini la udongo ambalo halijaguswa na mkondo wowote. Baharini mtu hupiga mapezi yake juu na chini, na mchanga ukitimka unatua baada ya sekunde chache. Pangoni, mapigo mawili matatu ya namna hiyo hugeuza maji yaliyokuwa yakionekana mita 30 mbele kuwa meupe kama maziwa, na kadiri unavyoongeza mwanga wa taa ndivyo weupe unavyozidi. Mzamiaji wa mapango hujifunza kupiga teke la chura, mapezi yakiwa juu ya kiwango cha magoti, na hujifunza kutoka nje akiwa amefumba macho, mkono mmoja ukiwa juu ya kamba. Kozi za kawaida za baharini, hata za cheo cha juu, hazifundishi jambo hilo la pili.

Mahali ambapo mwanga wa mchana unakwisha, katika mapango mengi ya Florida, kumesimamishwa bango lenye picha ya kifo aliyeshika mundu, pamoja na mifupa ya wazamiaji. Linasema simama, zuia kifo chako, usiende mbele zaidi. Kwamba wazamiaji zaidi ya 300, wakiwamo wakufunzi wa maji ya wazi, wamekufa katika mapango kama hili. Na kwamba humu ndani hakuna kitu chochote kinachostahili mtu akifie. Maneno yale kuhusu wakufunzi yamewekwa kwa makusudi. Bango limemlenga mtu anayejiona kwamba onyo ni la wengine.

Kuna mpangilio mwingine usioandikwa kwenye bango lakini unaofanya kazi hiyo hiyo. Kamba za kudumu zilizofungwa ndani ya mapango haya, ambazo kwa desturi huwa za rangi ya dhahabu, hazianzii mlangoni. Zinaanza umbali fulani ndani, ili mpita njia asiione kamba akadhani amekaribishwa. Mzamiaji aliyefuzu huja na kamba yake kwenye kigurudumu, huifunga kwanza mahali anapoweza kupanda moja kwa moja hewani, huifunga mara ya pili ndani kidogo kwa tahadhari, kisha huivuta hadi aiunganishe na ile ya dhahabu. Asiyejua kufanya hivyo hana kamba ya kufuata.

Masharti ya lango

Sasa turudi kwa askari na rejista yake. Sharti ambalo wageni hulibishia kuliko yote ni lile linalomkataza mzamiaji wa maji ya wazi kubeba tochi katika chemchemi zenye mapango. Mgeni husema, na kwa haki, kwamba taa ni kifaa cha usalama. Lakini taa moja mkononi mwa asiye na mafunzo ndiyo inayomwezesha kuvuka mwisho wa mwanga wa mchana. Bila taa giza lenyewe humrudisha. Zaidi ya hapo, tochi huonekana. Askari hawezi kumfuata mtu chini kuhakikisha kwamba ameishia pale alipoahidi kuishia, lakini akiwa ukingoni anaweza kuona kama amebeba tochi au hakubeba. Sheria isiyoweza kukaguliwa kutoka ukingoni isingekuwa na maana yoyote kwake.

Marufuku ya kuzamia peke yako inafuata mantiki hiyo hiyo. Zipo taasisi zinazotoa cheti cha kuzamia bila mwenza, na wapo wachunguzi wa mapango wenye hoja nzito kwamba mzamiaji aliyejitayarisha vizuri kwa vifaa maradufu yuko salama kuliko aliyefungwa na mwenza dhaifu. Hifadhi za jimbo hazikubishana nao. Ziliandika tu kwamba hairuhusiwi, kwa sababu kuhesabu watu wawili wakishuka na wawili wakipanda ni kazi inayowezekana kwa askari. Anayetaka kuzamia peke yake hulazimika kutafuta chemchemi ya mtu binafsi ambaye masharti yake ni tofauti. Kuhusu saa, hifadhi za Florida hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa jua linapozama. Kwa mtu aliye mita 500 ndani ya pango, usiku na mchana ni mamoja, lakini lango halifungwi kwa ajili yake peke yake, na wazamiaji hutakiwa wawe wametoka majini mapema.

Hifadhi ambayo inayaonyesha haya yote kwa pamoja ni Wes Skiles Peacock Springs, iliyopewa jina la mzamiaji huyo baada ya kufariki mwaka 2010. Ina takriban kilomita 10 za mapango yaliyopimwa na kuchorwa ramani, mkondo wake ni mpole, na udongo wake ni mwingi. Wanaoingia hujiandikisha, hulipa ada yao na kuonyesha uthibitisho wa daraja. Mwenye kadi ya maji ya wazi anabaki kwenye bwawa la juu bila taa. Mwenye kadi ya pango anaruhusiwa kuingia ndani kwa kiwango cha mafunzo yake. Mwanafunzi huingia akiwa na mkufunzi wake.

Kwingine masharti hubadilika kulingana na mahali. Ichetucknee ina chemchemi iitwayo Blue Hole ambayo mkondo wake ni mkali, na huko kuzamia kunaruhusiwa tu kwa wenye cheti cha pango, tena nje ya msimu wa joto, wakati ambapo waogeleaji na wapanda maboya wamepungua. Troy Spring ina shimo la mita 21 hivi lililo wazi juu, na ndani ya mfereji wake wa kuingilia mtoni kuna mabaki ya meli ya mvuke iitwayo Madison, iliyozamishwa na mwenyewe wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Huko mzamiaji wa maji ya wazi anapata cha kuona bila kuingia chini ya dari. Wakulla, ambayo ni mojawapo ya chemchemi kubwa zaidi za jimbo na mlango wa mfumo mrefu mno wa mapango, imefungwa kabisa kwa kuzamia kwa burudani. Wanaoingia humo ni timu za utafiti zenye kibali maalumu, na kadi ya pango kamili, hata ikiwa na miaka thelathini, haibadilishi jambo hilo. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kadi ni sharti la lazima, lakini haimpi mtu haki ya kuingia popote.

Wenye ardhi wengine

Nje ya hifadhi za jimbo, mambo ni ya kila mtu na lake. Kaunti ya Jackson inasimamia eneo la chemchemi ya Jackson Blue na huwataka wazamiaji wa pangoni wawe na cheti pamoja na kibali. Ginnie Springs ni mali ya watu binafsi, na huko kuna chumba kikubwa cha mdomo wa pango ambamo mzamiaji wa maji ya wazi anaruhusiwa kuingia na hata kubeba taa. Sababu ni kwamba njia ya kwenda ndani zaidi imezibwa kwa wavu wa vyuma. Mita mia kadhaa kutoka hapo, kwenye mali hiyo hiyo, katika milango ya mfumo wa Devil's ambayo haikuzibwa, mtu huyo huyo hukatazwa taa. Mfano huu unaeleza falsafa yote kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa: palipo na vyuma, taa haina madhara.

Mfano mgumu zaidi ni Eagle's Nest, katika kaunti ya Hernando. Kutoka juu ni kidimbwi cha msituni tu, lakini chini yake kuna mapango yanayofika kina cha mita 90 hivi. Kidimbwi hicho kiko ndani ya eneo la wanyamapori linalosimamiwa na tume ya jimbo, mahali pasipo na kibanda wala mtu wa kukagua kadi. Kilifungwa kwa wazamiaji mwaka 1999 na kufunguliwa tena mwaka 2003. Desemba 2013 baba na mwanawe wa miaka 15 walikufa humo, na hakuna kati yao aliyekuwa na cheti cha pango. Watu wakaitaka serikali ipafunge. Jumuiya ya wazamiaji wa mapango ikajibu kwamba mabango yalikuwapo, kwamba masharti yalikuwapo, na kwamba kuwafungia waliofuzu hakutamzuia asiyejali kuruka uzio msituni. Tume ikaacha kidimbwi wazi. Mwaka 2016 wazamiaji wawili wengine walikufa humo humo, na hao walikuwa wazoefu wa mapango. Pande zote mbili za ubishi zilipata cha kushikilia, na mimi naona ajali hizo mbili hazifai kuwekwa kwenye mizani moja. Ya kwanza ni ya watu ambao lango lenye askari lingewasimamisha. Ya pili ni ya watu ambao lango lingewapitisha, na kwa kufuata kanuni zote. Kadi inapunguza ajali za aina ya kwanza. Za aina ya pili haziguswi nayo.

Anayetoka nchi nyingine huongeza tabaka jingine la mkanganyiko, kwa kuwa desturi si moja duniani. Katika jimbo la Quintana Roo, Mexico, watalii wenye kadi ya maji ya wazi tu hupelekwa kila siku kwenye midomo ya mapango ya maji baridi, wakiwa na taa mkononi, chini ya kiongozi aliyefuzu pango kamili anayechukua watu wachache na kufuata kamba iliyokwisha kufungwa. Mtu akifurahia hayo wiki hii, kisha akafika Peacock wiki ijayo akaambiwa aache tochi garini, huona kama anadharauliwa. Lakini Mexico dhamana imewekwa kwa kiongozi. Florida imewekwa kwa kadi ya kila mmoja. Australia nako, katika eneo la Mount Gambier, watu 11 walikufa kati ya mwaka 1969 na 1974, wanne kati yao kwa siku moja ya mwaka 1973 katika shimo liitwalo The Shaft, na wazamiaji wenyewe wakaunda chama mwaka huo huo, CDAA, ambacho hupanga maeneo kwa madaraja na kuwapima wanachama wake. Huko chama kimekaa katikati ya mwenye ardhi na mzamiaji, na cheti cha kutoka nje hakimfungulii mtu mlango moja kwa moja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyefunzwa Nungwi, Mafia, Diani au Watamu, maana yake ni hii. Kadi yake inatambulika Florida bila shida, kwa sababu taasisi ni zile zile, lakini inatambulika kama kadi ya maji ya wazi, hata kama imeandikwa kiongozi au mkufunzi. Cheti cha kuingia ndani ya meli iliyozama nacho hakihesabiwi kuwa cha pango. Akitaka kushuka chini ya dari, aanze na kozi ya mdomo wa pango, na inafaa zaidi aifanye huko huko, kwa kuwa mkufunzi wa eneo hilo anajua ni hifadhi ipi inakubali daraja lipi mwaka huu. Masharti hubadilika, na kinachotangazwa na hifadhi yenyewe ndicho cha kushika kuliko simulizi ya rafiki aliyekwenda zamani.

Limebaki jambo moja ambalo kadi hailisemi, nalo ni lini mwenye kadi alizamia mara ya mwisho. Vyeti vya taasisi nyingi havina tarehe ya kuisha. Mtu aliyefuzu mwaka 1998 na hajagusa kamba tangu mwaka 2005 huonyesha kadi ile ile, na askari hana sababu ya kumzuia. GUE ni miongoni mwa taasisi chache zilizokataa hali hiyo: vyeti vyake hudumu miaka mitatu, na anayetaka kuendelea nacho sharti aonyeshe kwamba alizamia angalau mara 25 katika muda huo kwa kiwango cha daraja lake. Hifadhi za umma zingeweza kudai kitu cha namna hiyo, kwa mfano daftari la kumbukumbu za mizamio ya karibuni. Ila hapo askari angelazimika kusoma na kupima maandishi ya mtu kuhusu nafsi yake mwenyewe, tena asubuhi ya Jumamosi yenye foleni ya magari nyuma, na hakuna anayetarajia kwamba angeweza.